Siku ya Pombe, Kidonge Kimezwe au Kiachwe?

Swali: Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 34, anaishi na VVU na anatumia ARV tangu mwaka 2019, kidonge kimoja kila siku saa tatu usiku. Ni fundi ujenzi, na Ijumaa akishalipwa hunywa hadi Jumapili. Bangi pia anavuta, ingawa si kila siku. Nimegundua kwamba siku hizo hamezi dawa kabisa. Nilipomuuliza alinijibu kuwa alikatazwa kuchanganya, kwa hiyo ni heri aache dawa kuliko kujitia sumu. Mwezi uliopita majibu ya wingi wa virusi yalirudi yakiwa juu ya nakala 1,000 kwa mililita ya damu. Je, ni kweli kwamba kuchanganya ni hatari kuliko kuruka? Na bangi inahusikaje? Dada yake, Moshi.

Jibu: Marahaba, dada. Nitaanza na jibu lenyewe, kwa kuwa huenda ukaonana naye leo au kesho na si vizuri usubiri hadi mwisho wa maelezo marefu. Kwa dawa anazotumia mdogo wako, kuruka kidonge ni hatari kubwa kuliko kukimeza akiwa amekunywa. Siku aliyokunywa bia mbili, ameze. Siku aliyolewa hadi kushikwa mkono kurudishwa nyumbani, ameze pia, ilimradi ana fahamu zake, hatapiki, na anaweza kumeza bila kupaliwa. Sisemi hivyo kwa kuitetea pombe, ambayo ina madhara yake na nitayafikia. Nasema hivyo kwa sababu miaka yote niliyokaa kwenye dirisha la dawa kama mfamasia nimeona virusi vikipanda kwa watu waliokuwa wanajilinda na sumu ambayo haikuwapo.

Kidonge kimoja kwa siku, kwa mtu wa miaka yake, karibu kwa hakika ni kile ambacho wateja wa CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo ya VVU, wanakiita TLD; angalia kopo lake utaona majina matatu yameandikwa: tenofovir miligramu 300, lamivudine miligramu 300 na dolutegravir miligramu 50. Mbili za kwanza hutolewa mwilini zaidi kupitia figo, na dolutegravir hushughulikiwa na ini kwa njia ambayo si ile inayotumika kuivunja pombe, kwa hiyo glasi ya bia, ya mbege au ya pombe kali haiigeuzi dawa hiyo kuwa sumu wala haiifutii nguvu yake. Ipo ARV nyingine, abacavir, ambayo kweli hupita njia moja na pombe, na kiwango chake katika damu hupanda mtu akinywa. Hata hivyo miongozo ya tiba haimwambii mtumiaji wake aruke dozi kwa sababu hiyo. Kabla ya TLD watu wengi walikuwa kwenye kidonge chenye efavirenz, kilicholeta kizunguzungu na ndoto nzito, na pombe ilikizidisha kizunguzungu hicho. Naamini katazo analolikumbuka mdogo wako lina mizizi katika nyakati hizo, na pia katika onyo ambalo kila Mtanzania aliyewahi kuandikiwa metronidazole, yaani Flagyl, amelisikia dirishani: usinywe pombe. Onyo la dawa moja limehamishiwa kwenye dawa zote.

Sasa tazama kinachotokea mwilini mwake kuanzia Alhamisi. Anameza kidonge Alhamisi saa tatu usiku, anaruka Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, kisha anameza tena Jumatatu saa tatu usiku. Kati ya vidonge hivyo viwili zimepita saa 96. Dolutegravir iliyomo katika damu hupungua kwa takriban nusu kila baada ya saa 14 au zaidi kidogo, kwa hiyo kufikia Jumatatu jioni kilichobaki ni mabaki tu. Tenofovir hukaa muda mrefu zaidi ndani ya seli kuliko wenzake, na hapo ndipo penye hatari ambayo watu wengi hawaioni: dawa tatu zilizopangwa kushambulia kwa pamoja haziondoki kwa mwendo mmoja, na kwa saa kadhaa kila wiki virusi hukutana na dawa pungufu, vikazaliana mbele yake na kupata nafasi ya kujifunza kuikwepa. Huo ndio mwanzo wa usugu. Dolutegravir ni imara na husamehe makosa kuliko dawa za zamani, lakini vidonge vitatu kati ya saba kila wiki ni vingi mno kwa msamaha wowote.

Nikueleze jinsi nilivyoanza kulielewa jambo hili, maana mwanzoni hata mimi nilikuwa nikiandika neno “usahaulifu” kwenye faili na kupita. Alikuja mteja mmoja, dereva, mtu nadhifu na mwenye adabu, ambaye hakuwahi kukosa tarehe ya kliniki hata mara moja. Alikuwa amechukua kopo la vidonge 90, akarudi siku ya 84. Nilimwaga vidonge kwenye sahani ya kuhesabia, nikavisogeza vitanovitano kwa kijiti kama tufanyavyo, nikitegemea kukuta sita. Vilikuwa 30. Vidonge 24 vilivyozidi, ukivigawa kwa wiki 12, ni viwili kila wiki bila kupungua wala kuongezeka. Mtu msahaulifu hasahau kwa hesabu iliyonyooka namna hiyo. Nikamuuliza, bila kupandisha sauti, Ijumaa na Jumamosi huwa yuko wapi. Akatazama chini, akasema, “Siku hizo nakunywa kidogo, na nyinyi mlinikataza kuchanganya.” Alikuwa akilitii neno letu kwa uaminifu kuliko mteja yeyote niliyekuwa naye siku ile.

Hayuko peke yake, wala mdogo wako hayuko peke yake. Mwaka 2009 ulichapishwa uchambuzi uliounganisha tafiti 40 kuhusu pombe na ufuasi wa ARV, yaani kumeza dawa kama ulivyoelekezwa, ukaonyesha kwamba uwezekano wa mnywaji kuwa na ufuasi mzuri ni karibu nusu tu ya ule wa asiyekunywa au anayekunywa kidogo. Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kuwa sababu ni ulevi wenyewe: mtu analewa, anasahau saa, analala na viatu. Hilo lipo, na tafiti zilizowauliza watu siku kwa siku zimeonyesha kwamba dozi hurukwa zaidi siku ya kunywa na siku inayofuata. Lakini watafiti wa Marekani, miongoni mwao Seth Kalichman, waliwauliza watu swali ambalo wengi wetu hatukuwa tukiliuliza, yaani kama wanaruka kwa makusudi. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013, karibu nusu ya wanywaji wanaoishi na VVU waliofuatiliwa walisema kwamba huacha dawa wanapokunywa, na desturi hiyo ilivuruga ufuasi wao hata baada ya kiasi cha pombe chenyewe kuwekwa kwenye hesabu. Kwa maneno mengine, watu wawili wanaokunywa sawasawa wanaweza kuwa na hali tofauti kabisa za virusi, kwa sababu mmoja anaamini kuwa mchanganyiko ni sumu na mwenzake haamini hivyo.

Ndiyo maana nasikitika kila nisikiapo mtoa huduma akimwambia mteja neno moja tu, “usichanganye,” kisha akamwita anayefuata. Neno hilo linabeba amri mbili, na mteja ndiye anayeachiwa achague ipi aitii. Sisi tunakusudia aache pombe. Yeye anajua kwamba Ijumaa hataiacha, kwa hiyo anaitimiza amri kwa upande uliobaki, anaacha dawa. Kisha akirudi kliniki anaficha, kwa sababu akisema kuwa alikunywa atagombezwa, na akisema kuwa aliruka atagombezwa pia. Kama mdogo wako alijibiwa kwa namna hiyo, basi sehemu ya lawama ni yetu, na ningependa aisikie hiyo kutoka kwako kabla hajasikia neno jingine lolote.

Hata hivyo usiichukue kauli yangu kuhusu TLD ukaipeleka kwenye kila dawa, maana zipo zinazogombana na pombe kweli. Iliyo karibu zaidi na mdogo wako ni dawa kinga ya kifua kikuu, isoniazid, ambayo watu wengi wa CTC hupewa, pamoja na dawa za kutibu kifua kikuu chenyewe. Hizi hulemea ini, na pombe nyingi hulemea ini lilelile. Akiwa anazitumia, pombe anapaswa kuiacha kwa kipindi hicho, na akiona macho yamekuwa ya njano, mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, au anatapika na hana hamu ya kula kwa siku kadhaa, asimeze tena isoniazid na aende hospitali siku hiyohiyo. Dawa za usingizi na za kutuliza kama diazepam, phenobarbital anayotumia mwenye kifafa, na tramadol ya maumivu, zikikutana na pombe nyingi zinaweza kupunguza pumzi hadi mtu asiamke. Mwenye kisukari anayetumia glibenclamide au insulini akanywa bila kula anaweza kushukiwa na sukari usiku, na walio karibu naye wakadhani amelewa tu. Katika hizi zote mgonjwa anapaswa kumwambia mtoa dawa ukweli kuhusu kunywa kwake ili dawa, dozi au muda vipangwe upya, kwa sababu kujiamulia kuruka kuna hatari zake: mwenye kifafa anayeacha phenobarbital ghafla kwa sababu ya sherehe anaweza kuanguka katikati ya sherehe ileile. Hata wenye presha, huko kwenu Desemba watu wanaporudi nyumbani na mbege ikichotwa kila boma, wapo wanaoweka vidonge pembeni wiki mbili nzima kwa imani hiyohiyo, na Januari wanaletwa mdomo umepinda.

Kwa TLD, kama ungeniuliza ni kitu gani hasa asichanganye nacho, ningekutajia kitu ambacho hakuna anayekiogopa. Asubuhi baada ya pombe tumbo huwaka moto, na mtu hupita duka la dawa akanunua dawa ya kiungulia, ile ya kutafuna au ya maji meupe yenye magnesium au aluminium. Madini hayo huishika dolutegravir tumboni, na sehemu yake kubwa haiingii katika damu. Kidonge cha TLD kimezwe saa mbili kabla ya dawa ya kiungulia, au saa sita baada yake.

Na pombe yenyewe, hata bila kugombana na dawa, inamdhuru kwa njia nyingine. Wapo watu wenye VVU ambao pia wana homa ya ini aina ya B, na tenofovir pamoja na lamivudine ndizo zinazovizuia virusi hivyo pia. Mtu wa namna hiyo akiziacha, homa ya ini inaweza kulipuka kwa nguvu, tena katika ini ambalo pombe imekwisha kulichosha. Uliza kliniki kama alipimwa homa ya ini B. Zaidi ya hapo ni mambo unayoyajua mwenyewe: fedha ya wiki inakwisha, chakula hakiliwi, na kopo la dawa linaachwa nyumbani kwa sababu vidonge vikicheza ndani yake vinalia, na hataki wenzake wa kilabuni wausikie mlio huo wakauliza ni nini. Nimewahi kumfundisha mteja kufunga kidonge kimoja tu cha usiku huo kwenye kipande safi cha nailoni, mfukoni, mahali pakavu. Ni jambo dogo, nalo lilimrudishia Ijumaa zake.

Sasa bangi. Hapa nitakuwa mwangalifu, kwa sababu ushahidi wake haujakaa upande mmoja kama wa pombe. Zipo tafiti zilizokuta kwamba wavutaji wa bangi wanaruka ARV zaidi, na zipo zilizokuta kuwa hakuna tofauti. Picha inakuwa mbaya kwa yule ambaye bangi imekwisha kumtawala, anayevuta kila siku na asiyeweza kuanza kazi bila hiyo. Hakuna mgongano wenye uzito unaojulikana kati ya bangi na TLD, hivyo hapa pia siku aliyovuta ameze kidonge chake. Tatizo la bangi ni saa na kumbukumbu: hupunguza kumbukumbu ya muda mfupi na kuvuruga hisia ya wakati, hata saa tatu usiku ikapita mtu akidhani ni saa moja. Ikifuatana na pombe usiku mmoja, mawili hayo yanasaidiana kuipoteza dozi ambayo kila moja peke yake huenda isingeipoteza.

Pale bangi inapoleta msiba wa wazi ni kwa wagonjwa wa akili. Wagonjwa walioshikwa na saikosisi, yaani hali ya kupoteza uhusiano na uhalisia, kwa mara ya kwanza walifuatiliwa London, matokeo yakachapishwa mwaka 2017, na ilionekana kwamba walioendelea kuvuta waliugua tena zaidi, na sehemu ya sababu ilikuwa kwamba walikuwa wakiacha dawa zao. Tena moshi wenyewe, wa bangi kama ulivyo wa sigara, hulichochea ini kuzivunja haraka baadhi ya dawa za akili, hasa olanzapine na clozapine, kiasi kwamba hata anayemeza kwa uaminifu hubaki na dawa pungufu katika damu. Nakuandikia haya kwa sababu ukimwona mdogo wako anaanza kusikia sauti au kudhani kwamba anafuatwa, jambo hilo halisubiri tarehe ya kliniki.

Ningependa pia umuulize kwa nini anavuta. Wengi wananijibu kuwa wanatafuta usingizi, na si wachache wanaoshangaa wakiambiwa kwamba dolutegravir yenyewe inaweza kumkosesha mtu usingizi, hasa ikimezwa usiku. Dawa ya hilo ni rahisi na haina gharama, nayo ni kuhamishia kidonge asubuhi. Kwa mdogo wako hatua hiyo ingetatua mambo mawili kwa pamoja, kwa sababu saa tatu usiku ya Ijumaa ndiyo saa ambayo yuko baa, ilhali saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya kwenda saiti, yuko na kikombe cha chai mkononi na akili yake ni yake. TLD haihitaji chakula wala giza. Inahitaji saa moja isiyobadilika. Azungumze na kliniki wamwandikie saa mpya, na wamwelekeze namna ya kuvuka kutoka usiku kwenda asubuhi bila kuacha pengo. Akichelewa kidonge, akimeze mara anapokumbuka, isipokuwa kama zimebaki saa nne au pungufu kufika dozi inayofuata. Hapo asubiri hiyo inayofuata, na asimeze viwili kwa pamoja kufidia.

Kuhusu kuacha pombe, usimpe chaguo la “pombe au dawa,” maana kwa sasa tunajua atachagua nini. Muulize kwanza jambo moja: asubuhi asiponywa, mikono inatetemeka, anatoka jasho, analazimika kuzimua ndipo atulie? Kama jibu ni ndiyo, mwili wake umekwisha kuitegemea pombe, na kuikatisha ghafla nyumbani kunaweza kumletea degedege au kuchanganyikiwa. Mtu huyo huachishwa kwa uangalizi wa hospitali. Kama jibu ni hapana, na anayoyanywa ni ya Ijumaa hadi Jumapili tu, basi hata kupunguza kunahesabika, na mshauri nasaha anaweza kumsaidia kuanza na siku moja.

Majibu yake ya juu ya 1,000 hayamaanishi kwamba dawa imeshindwa. Kawaida, kabla ya kufikiria kubadilisha dawa, kliniki humpa mtu ushauri wa ufuasi wa karibu kwa takriban miezi mitatu, kisha kipimo hurudiwa, na mara nyingi virusi vilivyopanda kwa kuruka dozi hushuka tena mtu anapomeza kila siku. Kwa kipindi hiki chote, kama ana mke au mpenzi, kondomu itumike, kwa sababu ile hali ya kutoambukiza ambayo huja virusi visipoonekana katika kipimo hana kwa sasa. Na mwenzake apimwe.

Nenda naye, ukikubaliwa, kama msaidizi wake wa matibabu. Ombeni kuonana pia na WAVIU mshauri, yaani mtu anayeishi na VVU anayewashauri wenzake, maana mtu aliyewahi kuficha kopo lake kilabuni atamwelewa haraka kuliko mimi. Na mkifika kwenye kiti, asiseme kwamba alisahau. Aseme hivi: “Ijumaa, Jumamosi na Jumapili nakunywa, na siku hizo nilikuwa naacha dawa kwa sababu nilidhani nimekatazwa kuchanganya. Naomba nihamishiwe asubuhi.” Kopo aende nalo, na vidonge vyote vilivyobaki vikiwa ndani, asivimwage kwa aibu ya kuhesabiwa.